Kanuni ya Chakula cha Jioni

Kaka yake alimpigia simu Jumatano, saa nne asubuhi, wakati Ulrika ameinama mezani akichonga gego la nta. Ulrika Hedlund alikuwa fundi wa meno ya bandia katika maabara ndogo mjini Sundsvall, na hiyo ni kazi isiyotaka mkono wenye wasiwasi. Alibana simu kati ya sikio na bega.

"Mdogo wangu, uko kazini?"

"Nipo kazini, kaka. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kuuliza tu." Staffan alikohoa. "Ule mchezo wenu wa Jumapili, ule wa dadu na mazimwi. Bado mnaucheza?"

"Bado."

"Nafasi ipo?"

Kabla hajafikiri, alikwisha sema ipo. Alisema kwa sababu sauti ya kaka yake ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuzungumza na mtu, akaisahau inavyotumika. Staffan alikuwa amerudi kutoka Västerås mwezi wa kumi na moja, wiki tatu baada ya kumzika baba yao. Alirudi na masanduku mawili, bila mke, akaingia kuishi katika nyumba ya marehemu kule Timrå, eti aisafishe ipate kuuzwa. Sasa ilikuwa Februari na halikuwa limetoka hata kabati moja.

Ulrika alipoweka simu chini, aliona amelikata gego katikati.

Watu wengi wa umri wake mjini pale wana kibanda cha kupumzikia kando ya ziwa. Ulrika alikuwa na Orsmark. Orsmark ni nchi isiyokuwepo popote. Aliianza akiwa na miaka kumi na mitano, baada ya kuazima kwa jirani sanduku la mchezo wa namna hiyo na kuona kwamba kanuni zilizomo hazimtoshi. Watu walikuwa wakifa na kufufuka kama wanaobadilisha soksi, na hakuna hata mmoja aliyesikia baridi. Akachukua daftari, akaandika kanuni zake mwenyewe. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na madaftari yamejaza rafu mbili. Katika Orsmark aliyekufa amekufa. Baridi huhesabiwa kwa vidole: kila saa unayokaa nje bila moto, kidole kimoja kinakufa ganzi, na mchezaji hukikunja kweli pale mezani, mpaka anashindwa kushika penseli. Mchawi naye hulipia uchawi kwa kumbukumbu. Kwenye karatasi ya kila mhusika kuna mistari mitano ya mambo anayoyakumbuka, na mchawi hufuta mmoja kila anapotenda mwujiza. Jerker, fundi wa mabasi, alikuwa anaigiza mchawi aliyekwisha kusahau mpaka jina la mama yake, na sasa anatembea na kikombe cha mama huyo mkobani bila kujua ni cha nani.

Walikutana kila Jumapili saa nane mchana, katika chumba cha chama cha elimu ya watu wazima, juu ya duka la baiskeli. Ulrika alisimulia walichokiona, wengine wakasema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka waliiachia dadu iamue. Jerker na Maud walikuwa wamecheza naye kwa miaka kumi na tisa. Maud alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na ndiye aliyeandika habari za safari yote katika kitabu chake cheusi. Hakuna neno lililompita.

Kama Staffan angeomba kujiunga mwaka jana, pengine Ulrika angefurahi tu. Lakini Jumapili hiyo, baada ya mwendo wa mwaka mmoja na nusu, walikuwa wanaingia katika Ngome ya Maporomoko. Na mwenye ngome ni Bwana wa Maporomoko.

Yeyote aliyemfahamu marehemu Rune Hedlund hangehitaji kuambiwa Bwana huyo alitoka wapi. Hapazi sauti. Akikasirika huishusha, mpaka mtu ainame ndipo amsikie. Kabla ya kula hupangusa kisu chake kwa mkate, mara mbili upande huu, mara mbili upande wa pili, kisha hukilaza sambamba na sahani. Hapo ndipo inapoanza kazi Kanuni ya Chakula cha Jioni. Ulrika aliiandika akiwa na miaka kumi na tisa, katika chumba cha kupanga, wiki ya kwanza baada ya kuondoka nyumbani, kwa kikao kimoja bila kufuta neno. Mezani kwa Bwana, kila sentensi anayoisema mgeni hufuatwa na dadu. Ikija moja au mbili, Bwana anageuza kichwa. Akishageuza kichwa, dadu haimwokoi tena mgeni.

Hata hivyo si Bwana aliyemnyima Ulrika raha siku zile. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa, na hata alipokuwa hai asingefungua daftari la bintiye. Aliyemnyima raha ni mpambe. Nyuma ya kiti cha Bwana husimama mpambe wake, mtu mzima, amenyooka kama mwiko, ameshika sahani. Bwana akicheka, naye hucheka. Hana jina wala hana kazi nyingine.

Huyo alikuwa Staffan.

Jumatano jioni Ulrika alilifungua daftari, akampa Bwana ndevu. Akamnyang'anya kisu, akampa kijiko. Akasoma alichoandika, akaona ni mzee fulani tu mwenye ndevu anayekula supu, hatishi mtu. Akamrudishia kisu. Alhamisi alimfuta mpambe kabisa, akapata nafuu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, kisha akakumbuka kwamba mwezi uliopita wachezaji walikutana na mtumishi aliyetoroka ngomeni, na mtumishi yule aliwasimulia kila kitu, mpambe na kicheko chake, na Maud aliandika. Ijumaa alishindwa kula. Alimpigia simu Maud, akamuuliza kama Jumapili anakuja.

"Lini sijaja?" Maud alisema. "Wewe una nini? Sauti yako imekauka."

"Mafua."

"Basi ahirisha."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja tu, na angepata wiki nzima. Lakini alimfikiria Staffan peke yake katika nyumba ile, akiambiwa kwamba mchezo umeahirishwa, akijibu kwamba hakuna shida, hakuna shida kabisa.

"Hapana," Ulrika alisema. "Nitakuja."

Jumapili Staffan alifika mapema kuliko wote, kofia ya sufu imelowa theluji, mikononi sanduku la semla, yale maandazi ya krimu ya mwezi wa pili. Alikuwa mtu mkubwa, na sasa alikuwa amejikunja kidogo mabegani kama anayepita chini ya mlango mfupi. Jerker alimtazama yeye, akalitazama sanduku.

"Karibu, ndugu, karibu sana. Ni semla hizo? Basi huyu hafi leo. Nitamkinga kwa mwili wangu."

"Usimsikilize," Maud alisema. "Mwili wake tunaujua. Wiki iliyopita alijificha nyuma ya mbuzi."

"Alikuwa mbuzi mkubwa!"

Staffan alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha adabu, na Ulrika alikijua.

Walimtengenezea mhusika. Staffan hakutaka upanga wala uchawi. Alichagua kuwa mbeba mizigo, akamwita Orm. Alipofika kwenye mistari mitano ya kumbukumbu aliizungusha penseli vidoleni. Akaandika mstari mmoja, mkono wa kushoto umeufunika kama mwanafunzi anayeogopa kuangaliziwa mtihani, kisha akaweka penseli.

"Inatosha mmoja kwanza?"

"Inatosha," Ulrika alisema, wala hakuthubutu kutazama.

Alijaribu kuwachelewesha njiani. Aliwaletea mvua ya barafu, akaleta daraja lililooza, akaleta mfanyabiashara wa chumvi mwenye maneno mengi. Jerker alikunja vidole vitatu vya baridi, akalalamika. Lakini wachezaji wakitaka kufika hufika, na saa tisa na nusu walikuwa wameketishwa katika ukumbi wa Bwana wa Maporomoko, kuta zinatetemeka kwa ngurumo ya maji. Ulrika aliwasomea ile kanuni. Sauti yake mwenyewe aliisikia kutoka mbali.

"Kila sentensi?" Jerker aliuliza. "Hata nikiomba chumvi?"

"Hata ukiomba chumvi."

"Haya. Mchawi wangu anasema: Bwana mkubwa, tunashukuru kwa mkate." Akarusha dadu. Nne. "Nimepona! Nani anafuata?"

Ulrika alieleza jinsi Bwana alivyochukua kipande cha mkate na kukipangusia kisu, mara mbili upande huu, mara mbili upande wa pili. Aliyasema hayo huku akiitazama karatasi yake. Alipoinua macho, Staffan alikuwa ameacha kutafuna. Krimu ilikuwa imebaki kwenye mdomo wa juu, hakuifuta.

"Kaingiaje?" Staffan aliuliza.

"Nani?"

"Huyu bwana. Wakati anaingia ukumbini. Kafunga mlango kwanza au kavua buti kwanza?"

Katika miaka thelathini Ulrika hakuwahi kuandika jambo la buti. "Kavua buti," alisema, kwa kuwa ilibidi aseme kitu.

"Na funguo kaweka wapi?"

"Dirishani."

"Basi leo hakuna neno. Ongeeni tu." Staffan aliichukua dadu akaisogeza kando, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Wee, wee, bwana," Jerker alisema. "Kanuni inasema turushe."

"Kanuni ina makosa."

Hakusema kwa hasira, lakini Jerker aliegemea kiti chake. Maud alifungua kitabu chake cheusi akapitisha kidole. "Ulrika, kuna jambo hujalisema. Yule mpambe yuko wapi? Yule tuliyesimuliwa na mtumishi, anayesimama nyuma ya kiti akicheka?"

"Ah," Ulrika alisema. "Yupo. Yupo hapo."

"Anacheka wakati gani?" Staffan aliuliza.

Maud akasoma, kwa sauti yake safi ya darasani: "Bwana akicheka, naye hucheka. Hata mtu akiwa analia."

Staffan alichukua kofia yake. Alisema kuna kitu amekisahau jikoni, kwenye moto. Alimshukuru kila mtu kwa mkono, Jerker, Maud, mwisho dada yake, mkono mzito na wa baridi, akashuka ngazi. Wakasikia gari likiwaka.

"Nimesema nini?" Jerker aliuliza. "Jamani, ni kwa sababu ya chumvi?"

"Nyamaza, Jerker," Maud alisema, huku akimtazama Ulrika. Aliiokota karatasi ya Orm mbeba mizigo, akaikunja bila kuisoma, akamsukumia.

Ulrika aliisoma garini. Mstari wa kwanza ulisema: Nina dada mdogo. Amelala chumba cha juu. Minne iliyobaki ilikuwa mitupu.

Jumapili ile na Jumatatu yote alimpigia kaka yake, simu ikaita mpaka ikakatika. Alituma ujumbe, akaufuta, akatuma mwingine usiokuwa na maana, wa kuuliza kama kwake umeme upo. Kazini alitengeneza taya la chini la mama mmoja wa Härnösand akalipindua, meno ya kulia yakaenda kushoto, msimamizi wake akamuuliza kama anaumwa. Alianza kuwaza mambo ambayo hakutaka kuyawaza: mtu mpweke, nyumba ya zamani, ngazi za dari. Jumanne saa kumi alasiri alitoka kazini bila kuaga, akaendesha hadi Timrå. Hakuwa ameingia katika nyumba ile tangu siku ya mazishi, na hata siku hiyo alisimama ukumbini na koti lake, akasema ana haraka.

Staffan alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa mzima, amevaa aproni. Ulrika alipata nafuu, na juu ya nafuu ile ikapanda hasira.

"Simu yako mbovu?"

"Nzima."

"Ulisahau karatasi yako."

"Niliiacha. Sikuisahau." Alimtazama kidogo. "Ingia basi, unaleta baridi."

Alikuwa anapika soseji za mchuzi na wali, chakula cha watoto wa shule. Meza ya jikoni ilikuwa ile ile, na viti vilikuwa vinne, pale pale. Ulrika alisimama na koti lake.

"Kaa popote," Staffan alisema. "Hakuna mwenye kiti siku hizi."

Alikaa kwenye cha mama. Staffan alipakua, akakaa mbele yake, hakushika uma.

"Yule mpambe ni mimi."

Njiani Ulrika alikuwa ameandaa maneno mengi. Angesema mchezo ni mchezo, angesema wahusika huchanganywa kutoka kwa watu kumi. "Ndiyo," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na tisa."

"Miaka thelathini nimesimama nyuma ya kiti nacheka." Alitikisa kichwa. "Na hao wenzako wanajua?"

"Hakuna anayejua. Maud aliandika nilichosema tu."

"Hata jina hukunipa, Ulrika."

Nje gari la kusafisha theluji lilipita, sahani zikatetemeka kidogo, na wote wawili wakangoja lipite.

"Ile dadu," Staffan alisema. "Kila sentensi dadu. Uliitoa wapi?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Leo nasema neno, hakuna kitu. Kesho nasema neno lile lile, ananigeukia. Sikuwahi kujua lini."

"Lakini haikuwa bahati nasibu." Aliinama mbele, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliye macho. "Akivua buti kabla ya kufunga mlango, jioni salama. Akifunga mlango kwanza, kaa kimya. Funguo dirishani, salama. Funguo zikibaki mfukoni, hapana. Akiuliza posta imeleta nini, hapo basi, nenda chumbani juu, sema tumbo linakuuma. Nilikuwa naandika nyuma ya daftari la jiografia. Mwaka mzima. Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

Ulrika alimtazama kaka yake. Daftari. Naye alikuwa na daftari.

"Na kule kucheka?"

"Akicheka na mtu, macho yake yako kwa mtu huyo. Hayaendi kwingine."

"Kwa nini hukuniambia? Buti, funguo, yote hayo. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka saba. Ningekuambia ungekaa kila siku pale dirishani unaangalia buti."

"Nilikuwa naangalia hivyo hivyo!" Ulrika alipiga meza, mchuzi ukamwagika. "Nilikuwa naangalia kila kitu, Staffan. Masikio yake, shingo yake, vifungo vya shati. Sikujua tu cha kuangalia ni kipi."

Ulrika alikwisha anza, na hakuweza kuacha.

"Na siku ya maziwa? Nilikuwa na miaka tisa. Alinimwagia maziwa yangu sakafuni, akaniambia nipanguse kwa soksi, nimezivaa miguuni. Nikapangusa, nateleza huku na huku kama punguani. Ukacheka mpaka ukashika tumbo. Siku ile ulikuwa unanikinga na nini?"

Staffan alifikiri kweli. Ilionekana usoni anavyoitafuta siku hiyo, na ilionekana alivyoipata.

"Siku ile nilicheka tu," alisema. "Niliona inachekesha. Nilikuwa na miaka kumi na minne, sina maelezo mengine." Kisha akasema, "Nisamehe."

Ulrika hakusema amesamehe. Hakuwa na hakika. Alichukua kitambaa akafuta mchuzi, kisha akala, kwa sababu soseji zilikuwa zinapoa na tangu Ijumaa alikuwa hajala chakula cha maana. Staffan naye akala. Walipomaliza, kaka yake aliuliza, bila kumtazama, kama kanuni ikishaandikwa inaweza kubadilishwa.

"Zote zinabadilishwa. Ndiyo raha yake."

"Basi lete kalamu."

Walikaa pale mpaka saa moja na nusu. Haikuwa kazi rahisi. Staffan alitaka dadu iondolewe kabisa, Ulrika akakataa katakata: kwa mgeni, na kwa mdogo, dadu ndiyo ukweli wenyewe. Walibishana juu ya buti, juu ya funguo, na juu ya kama mtu anaweza kusoma dalili vibaya. Anaweza, Staffan alisema, na alipoulizwa lini, alinyoosha kidole chake cha kati cha mkono wa kulia, ambacho hakijawahi kukunjika sawasawa. Ulrika siku zote aliambiwa ni mlango wa gari. Mwishoni waliandika hivi: mtu aliyeishi muda mrefu ngomeni anaweza kumuuliza msimulizi swali moja kabla ya kusema, na msimulizi lazima ajibu kweli, wengine wote warushe dadu. Na aliyeuliza swali, mhusika wake haruhusiwi kulitamka jibu mezani kwa Bwana. Hiyo ya mwisho ilikuwa ya Staffan.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Ulrika aliendesha kilomita arobaini kwa saa. Hakujua kama kaka yake atakuja Jumapili, na hakujua pia kama anataka aje.

Alikuja. Safari hii hakuleta kitu. Jerker aliisoma kanuni mpya mara mbili, nyusi zimepanda.

"Huu ni upendeleo wa wazi. Mimi mchawi wa miaka kumi na tisa narusha dadu, mbeba mizigo wa wiki moja anauliza maswali?"

"Orm aliwahi kuishi ngomeni," Ulrika alisema. "Zamani."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne," Staffan alisema, na Maud akaiandika.

Waliendelea pale pale walipoachia, mkate mkononi. Jerker alisema sentensi tatu akapona zote. Ya nne ikaja mbili, na Bwana wa Maporomoko akageuza kichwa. Ulrika alishusha sauti. Hakuna aliyeinama kumsikia, waliganda.

"Naomba kuuliza swali langu," Staffan alisema.

"Uliza."

"Mpambe akiangusha ile sahani, Bwana atamtazama nani?"

"Atamtazama mpambe."

Orm hakulitamka jibu, kama kanuni inavyotaka. Kisha Staffan alisema Orm anainuka mezani, polepole, anakwenda nyuma ya kiti, anaitwaa ile sahani mikononi mwa mpambe na kuiweka sakafuni bila kishindo. Anamwambia mpambe: chukua koti lako, tunaondoka.

Wote walimgeukia Ulrika. Mpambe alikuwa wake. Kwa miaka thelathini alimsimamisha pale na hakuwahi kumpa neno. Hakukuwa na kanuni ya jambo hili, wala jedwali lolote la kutazamia. Alijua jibu ambalo Jerker alilitaka, na Maud, na pengine yeye mwenyewe.

"Anakutazama," alisema. "Anasema hawezi. Anaiokota sahani."

"Aaa!" Jerker alifoka. "Mpige kichwani umbebe! Si ndiyo kazi yako, kubeba?"

"Hapana," Staffan alisema. "Ndivyo angesema." Alimsogezea Jerker dadu. "Basi Orm anatoka. Nyinyi mnakuja?"

Walitoka. Haikuwa safi: Jerker alipoteza kumbukumbu moja kwa kuzima mienge, akafuta mstari wa mbwa wake wa utotoni akilalamika kama mtu aliyeibiwa kweli, na mhusika wa Maud aliumia bega langoni. Lakini walitoka, wote watatu, wakavuka daraja la nyuma ambalo Ulrika alilitaja kwa kujikuta tu amelitaja.

"Upande wa pili kuna nini?" Maud aliuliza, kalamu tayari.

Ulrika alitazama karatasi zake. Alikuwa ameandaa ngome: vyumba arobaini na kimoja, mashimo ya chini, vita vya ukumbini vya kuchukua Jumapili sita. Ng'ambo ya daraja hakuwa ameandika hata jina la kijito.

"Nipeni dakika kumi," alisema.

"Kumi tu?" Staffan aliuliza. Alikuwa anavaa kofia, na Ulrika akashtuka, lakini alikuwa anakwenda tu kununua maziwa ya kahawa. "Nitilie na mimi kikombe. Nyumba haijauzwa, sina haraka."

Alishuka ngazi. Ulrika alivuta karatasi nyeupe, akachora kijito, akakifuta, akakichora tena kikielekea upande mwingine.